Matanga ya Mtu Aliye Hai

Mwalimu alikata kurasa za daftari kwa rula, vipande vinne kila ukurasa, akatugawia mstarini kama anayegawa dawa za minyoo. Kila mtu mzima alipata kipande kimoja. Mtendaji wa kijiji, ambaye serikali ilimleta kwetu kutoka mkoa mwingine na hakuwa amemaliza hata mwaka, alipanda juu ya benchi la darasani akatueleza utaratibu. Andika jina la mwizi. Kunja karatasi, tumbukiza ndooni. Asiyejua kuandika aende kwa mwalimu amnong'oneze.

"Mheshimiwa," mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "na kama mwizi ni mimi mwenyewe?"

"Jiandike, utuokolee muda."

Uwanja mzima wa shule ulicheka. Mtendaji alisubiri kicheko kiishe, kisha akasema, "Na atakayeleta karatasi tupu, tutajua anamficha mwizi nyumbani kwake." Watu wakacheka tena. Mimi pia nilicheka.

Huo ulikuwa mwaka 2013, wakati wa kupanda maharage ya msimu wa pili. Mbuzi walikuwa wakiibiwa tangu Krismasi. Kijiji chetu kiko Kibondo, upande wa kwenda Kasanda, na kituo cha polisi kilikuwa mwendo wa nusu siku kwa miguu. Ukifika uliambiwa gari halina mafuta. Kwa hiyo tulikuwa na sungusungu, wanaume wetu wenyewe wenye fimbo na filimbi, waliopokezana zamu ya kulinda. Sitaki msomaji adhani niliwachukia tangu mwanzo. Mwaka uliotangulia baiskeli aliyoiacha baba iliibiwa, nao walifuata alama za tairi kwenye tope hadi mtoni, wakairudisha siku ya tatu, wakaniomba maji ya kunywa tu. Polisi angeiandika kitabuni. Mimi niliwaombea sungusungu kanisani Jumapili ile, kwa sauti.

Ndiyo maana karatasi niliipokea kwa mikono miwili.

Nilikaa chini na kalamu. Mwizi sikumjua. Nikaanza kupitisha majirani kichwani mmoja baada ya mwingine, na kila niliyemfikia alikuwa na mtu. Huyu mjomba wake mjumbe. Huyu mama yake alinipikia wiki nzima tulipofiwa. Huyu ukoo wao wamejaa kilima kizima. Mwisho nikamfikia Mrundi mmoja, kibarua, aliyelima mashamba ya watu na kulala kwenye banda la kukaushia tumbaku. Hakuwa na mke wala ndugu. Sikuwahi kumwona na mbuzi wa mtu, wala sikuwahi kusikia mtu akisema amemwona. Niliandika jina lake kwa mwandiko mzuri, maana niliacha shule darasa la sita na kitu pekee nilichosifiwa huko kilikuwa mwandiko. Nikakunja, nikatumbukiza, nikarudi kukaa nikiwa nimeridhika kama mtu aliyekwisha kuoga.

Walihesabu mbele yetu. Mwalimu alisoma, mtendaji akachora vijiti ubaoni. Jina la kibarua lilisomwa mara nyingi. Kisha likaanza kusomwa jina jingine, na mara ya kwanza sikugeuka. Lilikuwa la mdogo wangu. Likasomwa tena, na tena, hadi likampita kibarua, na vijiti vikafika ukingoni mwa ubao, mtendaji akaanza mstari mpya.

Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma kabisa, miguu imekauka tope, kwa sababu alitoka moja kwa moja bondeni kwenye kufyatua matofali. Alikuwa na miaka kumi na minane. Watu waliokuwa jirani naye walisogea hatua moja, si mbali, hatua moja tu, na pale aliposimama pakabaki duara.

Kibarua walimpiga fimbo palepale uwanjani, mbele ya watoto wa shule. Hakulia. Walipomwachia alikwenda bandani akachukua sufuria yake na blanketi, akashika njia ya Nyabibuye inayoelekea mpakani. Hatukumwona tena. Mdogo wangu hawakumpiga. Kamanda wa sungusungu, mtu wa makamo mwenye sauti ya upole, alisimama akasema kuwa kijiji kinamhurumia kwa sababu ni yatima. Alipewa hadi gulio la pili, yaani wiki mbili, awe ameondoka kijijini.

Watu waliitikia kwa kichwa. Niliwaona wakiitikia, wakipendezwa na wema wao.

Baba yetu alihamia hapo akitokea kwingine, akaoa mwanamke wa Kasulu, wakafa wote wawili, mmoja miaka mitatu baada ya mwingine, kabla hawajapata mtu wa kuwaita shemeji kijijini. Tulibaki wanne: mimi, yeye, na wasichana wawili waliokuwa bado shule ya msingi. Shamba tulikuwa nalo. Nyumba ya bati tulikuwa nayo. Watu hatukuwa nao. Sikuwa nimelitambua hilo kama hasara mpaka siku ile ya vijiti ubaoni.

Jioni nilikwenda kwa kamanda. Alinipa kigoda, akamwita mkewe alete uji.

"Sina ugomvi na wewe, mwanangu," alisema. "Wewe ni mtu wa kazi. Huyu kijana mpeleke Kasulu kwa mama yenu mdogo. Akapoe huko."

"Kasulu nako wana sungusungu. Akifika watamdai barua ya utambulisho. Mtendaji ataandika nini?"

"Ataandika ukweli."

"Upi?"

Alikunywa uji wake. "Kwamba kijiji kimemkataa."

"Ameonekana wapi na mbuzi, mzee?"

"Mimi nitajuaje? Karatasi zimesema. Halafu zile raba nyeupe, kijana wa matofali anazitoa wapi?"

"Kwenye matofali."

"Haya," akasema, kwa upole uleule. Nilimwambia kuwa mdogo wangu haondoki. Akasema nikalale, niamke na akili nyingine. Niliamka na ileile.

Nilikwenda polisi kwa miguu, nikamkuta askari mmoja kijana mezani. Nikamweleza yote.

"Mdogo wako ana kesi?"

"Hana."

"Sasa unataka tufanye nini?"

"Muwaambie wasimfukuze."

"Dada, wale ni walinzi shirikishi, wenzetu wale. Kayamalizeni hukohuko." Kisha, nilipokuwa nimeshainuka, akaongeza, "Au mlete hapa, tumweke mahabusu. Humu ndani hapigwi na mtu." Hakuwa akinitania. Alinionea huruma kweli, na msaada aliokuwa nao wa kunipa ulikuwa huo.

Niliporudi tulikuwa tumeshatengwa. Mpiga mbiu alipita na kutangaza: nyumba ile haisalimiwi, haiuziwi, haiombwi moto wala haipewi, hata wakifiwa wazike wenyewe, mpaka kijana aondoke.

Asiyekulia kwetu anaweza kudhani kutosalimiwa ni jambo dogo. Sisi Waha salamu yetu si neno moja. Unainama, unapiga makofi madogo, unauliza walivyoamka, unauliza watoto, unauliza ng'ombe hata kama mwenzako hana ng'ombe. Kabla ya kufika kisimani umeinama mara kumi. Sasa nilipita na ndoo, na wanawake niliokuwa nikiinamiana nao tangu nikiwa mtoto waligeuza nyuso wakatazama vichaka. Mmoja wao aliinama nusu kwa mazoea, akakumbuka, akajifanya anaokota kitu. Hapakuwa na kitu. Alipapasa majani hadi nilipopita.

Dukani hawakuniuzia chumvi. Shuleni wale wadogo waliachiwa dawati lao peke yao, na mwalimu, ambaye ndiye aliyesoma kura, aliwafundisha bila kuwauliza swali.

Jirani yetu wa karibu, mama mmoja wa umri wa mama yangu, ndiye aliyenitia kinyaa kuliko wote. Kila baada ya siku mbili nilikuta kifurushi kidogo cha chumvi juu ya jiwe la kufulia nyuma ya nyumba. Nilijua ni yeye kwa sababu ya kitambaa kilichoifunga, kipande cha kanga yake. Kisimani alinipita kama anapita kisiki. Siku moja tulikutana uso kwa uso kichochoroni, hapakuwa na mtu mwingine, nikasema, "Mama, asante kwa chumvi." Akatazama nyuma, akatazama mbele, akasema kwa hasira, "Chumvi gani? Usinitie matatani." Chumvi ile niliila. Niliipikia maharage na wadogo zangu wakashiba, na hilo nalo bado linanichefua.

Mdogo wangu aliacha kuvaa raba. Alizifunga kwenye mfuko wa plastiki akazichomeka darini.

"Dada, niache niende," alisema siku ya tano. "Kasulu nitafyatua matofali vilevile."

"Utafyatua ukiwa mwizi."

"Nitafyatua ukiwa unapata chumvi."

"Ukiondoka wewe, gulio linalofuata watamwandika nani? Hawa wadogo? Mimi?"

Nilisema kweli, lakini nilimsemesha kama mama mkali wa kambo, na aliitikia kama mtoto wa kambo. Alitoka akaenda bondeni. Mwenye tanuri la matofali hakuwa amemfukuza, kwa sababu mkataba wa matofali ya nyumba ya mtendaji ulikuwa haujaisha. Hilo nalo mtu alimeze vipi? Mikono ya mwizi ilifaa kujenga ukuta wa mtendaji hadi siku ya mwisho.

Redioni nilikuwa nikisikia habari za watu wa mjini walioandamana na mabango. Sisi tulikuwa watatu, mimi na wasichana wawili. Watu watatu hawaandamani, wanapita tu. Na bango ningeliandikia nini, kijiji kilichokwisha kuniambia hakinioni? Kitu pekee nilichokijua ni kwamba kila siku kila mtu lazima apite mbele ya ofisi ya kijiji, kwa sababu zahanati iko pale, duka liko pale, na njia ya mashambani inapita pale. Nikaamua tukakae pale siku moja kabla ya gulio la pili. Wanione.

Asubuhi ile niliwafunga wadogo zangu vichwa kwa kanga, nikajifunga mimi. Nilifanya hivyo kwa sababu jua lilikuwa kali na pia kwa sababu nilitaka tuonekane watu wa shida. Nikatandika mkeka chini mbele ya baraza la ofisi, tukakaa tumenyoosha miguu, kimya. Mdogo wangu alikataa kuja. "Mnanizika," alisema, akaenda zake bondeni.

Mtendaji alikuja, akatuona, akafungua mlango, akaingia. Watu walipita. Walitutazama kwa pembe ya jicho, wakaharakisha. Saa ya kwanza ilipita hivyo, na ya pili. Yule mdogo kabisa aliomba maji, nikamwambia asubiri.

Halafu alitokea bibi mmoja akitoka zahanati. Alikuwa haoni vizuri, na kwa sababu ya uzee hakuwa akienda mikutanoni. Nadhani hata habari ya kutengwa kwetu hakuwa ameifuatilia, au aliisikia na kuisahau. Alichokiona yeye ni wanawake watatu wamekaa chini kwenye mkeka, vichwa vimefungwa, miguu imenyooshwa, hawasemi. Kwetu hivyo ndivyo wanavyokaa wafiwa. Hakuna mtu mwingine anayekaa hivyo asubuhi wakati wa kupanda.

Bibi alitupa fimbo yake. Akaweka mikono kichwani na kulia, "Mawe! Mawe weee!" yaani mama yangu, kilio cha msiba, kwa sauti ambayo sikudhani mwili ule bado unayo.

Nilitaka kumzuia. Nilinyanyuka nusu. Lakini bonde la kwetu linabeba sauti, na kilio cha msiba kwetu hakisubiri maelezo. Ukikisikia unaangusha jembe. Mtu hawezi kuendelea kulima mwenzake akilia msiba, hata mlevi hawezi. Kule juu mashambani nikaona watu wananyooka, wanasimama, kisha wanateremka. Wanawake walijifunga kanga vichwani huku wakitembea. Mmoja aliokota kuni njiani, mwingine akapitia kwake kuchukua ndoo ya maji, mwingine akaja na ungo wa maharage, vile tunavyokwenda msibani. Walikuja wengi, wakilia, na waliotangulia kutufikia walishatuinamia na kusema "Poleni, poleni sana" kabla macho yao hayajatambua waliyemwinamia ni nani.

Jirani wa chumvi alikuwa miongoni mwao. Alinishika mkono na mikono yake yote miwili.

"Nani kafa, mwanangu?"

"Bado hajafa," nilisema. "Tumetangulia kukaa."

Aliniachia mkono kana kwamba umemuunguza.

Hapo ndipo mdogo wangu alipofika. Alikuwa amekimbia kutoka bondeni kupanda mlima, matope hadi magotini, mdomo wazi, hawezi kusema. Kilio alikisikia kikitokea ofisini tulipokuwa. Aliwasukuma watu akatuona sote watatu, tunapumua, akaketi chini kama gunia. Nilipomgusa mkono aliutoa.

Kamanda alikuja na filimbi shingoni, upole wake wote umemtoka.

"Nani amewaruhusu kuchezea msiba? Huu ni uchuro! Wewe binti, unatuitia kifo?"

"Sijalia mimi, mzee. Sijafungua mdomo tangu asubuhi."

"Kweli hakulia," mtu mmoja akasema. "Kalia bibi."

"Na nyinyi mmefuata nini hapa? Si mliambiwa hata wakifiwa?"

Watu wakatazamana. Walikuwa na kuni vichwani na ndoo za maji mikononi. Mmoja akajitetea, "Kamanda, miguu ilikuja yenyewe." Wengine wakaguna kukubali.

Bibi alikuwa ameshapewa fimbo yake, naye alikuwa amekasirika kuliko kamanda. "Nimelia," akasema. "Sauti yangu yote nimeimaliza. Nataka kujua nimemlilia nani."

"Hakuna aliyekufa, bibi. Nenda kapumzike," kamanda akasema.

"Nisipumzishwe! Nimelia bure? Kwa umri huu? Watasema nimewehuka. Niambieni nimemlilia nani, nikienda nyumbani niende na jina."

Mtu akacheka, bibi akamwinulia fimbo. Hakuondoka. Kwa kuwa bibi hakuondoka hakuna aliyethubutu kuondoka kabla yake, na mtendaji akatoka ofisini kuona umati uliokusanyika barazani kwake bila mbiu. Nikasimama. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na sikuwahi kuzungumza mbele ya watu.

"Bibi, umemlilia huyu," nikasema, nikamwonyesha mdogo wangu. "Kesho anafukuzwa kwa sababu ya kuiba mbuzi. Aliyeandika jina lake aseme alimwona wapi, saa ngapi, na mbuzi wa nani. Akisema mtu mmoja tu, namfungia mdogo wangu mzigo mimi mwenyewe."

Sikutarajia jibu. Lakini bibi aliwaelekezea fimbo mmoja mmoja, na watu wa kwetu hawawezi kumwacha mzee akisubiri. Kijana mmoja akasema aliona raba. Basi. Raba tu. Mwanamke mwingine akasema alisikia kwa mwenzake, na mwenzake, aliyekuwa pale, akasema yeye alisikia kwake. Mwalimu akakohoa.

"Wasiojua kuandika walikuja kwangu," alisema. "Wengi hawakutaja jina. Waliniambia, mwalimu, niandikie huyo wanayemwandika wenzangu."

"Na wewe ukaandika?" nikamwuliza.

"Kazi yangu ilikuwa kuandika."

Kisha jirani yangu akasema. Alisema bila kujificha, kama mtu anayeeleza bei ya mihogo. "Mimi nilimwandika. Tuliambiwa tusirudishe karatasi tupu. Sasa ningemwandika nani, mwanangu? Nimwandike mtoto wa shemeji yangu? Si ukoo mzima ungehamia mlangoni kwangu? Wewe ni mpole. Na hata ukikasirika, utakuja na nani?"

Watu walicheka. Hakikuwa kicheko cha kudhihaki. Kilikuwa cha watu waliopata nafuu kwa sababu mwenzao amesema walichokuwa nacho wote. Vichwa vilikubali. Mwanamume mmoja akasema, "Ni kweli kabisa, hata mimi." Mwingine akasema, "Tusidanganyane, hata mimi." Walisema kwa furaha, kama wanaojuana upya. Nilikuwa nimejiandaa kwa chuki, kwa sababu chuki ningejua pa kuishika. Kumbe hapakuwa na mtu hata mmoja aliyemchukia mdogo wangu. Walimchagua jinsi mtu anavyochagua mahali pa kutupa maji machafu: pale ambapo hapana mlango wa mtu.

Nami nilijua vizuri hesabu hiyo. Nikasema, "Mimi nilimwandika yule Mrundi. Kwa sababu hiyohiyo. Mlimpiga fimbo, na mimi ni mmoja wa waliompigisha."

Nilidhani watanyamaza. Mtu mmoja akajibu, kunifariji, "Ah, acha hayo. Yule ni Mrundi tu."

Na wengine wakasema ndiyo, acha hayo.

Kamanda aliona upepo umegeuka, akarudi na upole wake. Alishauriana na mtendaji mlangoni kwa muda usiotosha kuchemsha yai. Akatangaza kuwa kijana amesafishwa, kwamba kijiji kimekaa na kimeelewana chenyewe bila polisi wala mahakama, na kwamba hiyo ndiyo faida ya ulinzi wa jamii. Asiyekubali aseme. Hakuna aliyesema. "Na kwa kuwa ni kijana mwenye nguvu, na ameonyesha ana mbio," akaongeza, watu wakaanza kucheka kabla hajamaliza, "kuanzia wiki ijayo aingie zamu ya sungusungu."

Walipiga makofi. Kwa kuwa kuni zilikuwepo, maji yalikuwepo na maharage yalikuwepo, wanawake wakawasha moto pembeni mwa ofisi wakapika. Walikula pale barazani chakula walichowaletea wafiwa, wakitaniana. Wadogo zangu walikula, walikuwa na njaa. Jirani aliniletea sahani, akainama, akapiga makofi madogo, akaniuliza nilivyoamka. Akaniuliza na ng'ombe. Nilisema tumeamka vizuri. Sahani niliiweka chini. Nilikwenda nyuma ya zahanati nikatapika, na kwa kuwa sikuwa nimekula, nilitapika maji matupu.

Watu walioniuliza baadaye walishangaa kuwa sikufurahi. Wanasema nilishinda. Bila fimbo, bila polisi, bila tusi, nimekaa chini tu. Ni kweli sikumgusa mtu. Lakini mimi nilikaa ili waone walichofanya, nao walikiona, wakakitazama vizuri, wakacheka, wakaosha mikono, wakala. Mbuzi waliendelea kupotea.

Nilimwambia mdogo wangu asiende kwenye zamu.

"Nitakwenda," alisema. Alikuwa ameshusha raba darini, anazipangusa.

"Watu waliotaka kukufukuza?"

"Dada, wewe umemsikia mama jirani. Wanamwandika asiye na watu. Hawa sasa ndio watu wangu. Ukiwa ndani, nani atakuandika?"

"Na wakikuambia umpige mtu?"

Alifunga kamba za kiatu kimoja. "Nitampiga polepole."

"Usinitanie."

"Sikutanii." Akanyanyua kichwa, na nikaona kuwa bado ananikasirikia. "Siku ile nimekimbia mlima wote nikijua umekufa. Wewe au mmoja wa hawa. Ulifanya vile kuninusuru, sawa, asante. Lakini sikai tena nikisubiri unililie. Mimi nitakuwa upande wa wenye filimbi."

Nilimlea tangu akiwa na miaka kumi na moja, nikamgombania kijijini, nikampata. Niliyempata ni huyu.

Alikuwa mlinzi mzuri, wanasema. Mwaka 2015 Warundi walipoanza tena kuvuka kwa wingi, alikuwa mmoja wa waliosimama njiani kukagua mizigo yao kabla hawajapelekwa kambini Nyarugusu. Hakuwapiga. Aliwafungulia vifurushi mmoja mmoja na kuwauliza wametoka wapi na wanamjua nani huku. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwuliza hivyo mwanamke mwenye mtoto mgongoni. "Unamjua nani huku, mama?" Yule mama akasema hamjui mtu. Mdogo wangu akamwambia akae pembeni.

Jioni anakuja kwangu kula. Nampakulia, kwa sababu ni wangu. Ila siku ile ya kwanza alipokuja na fimbo ya zamu, nilisimama mlangoni nikamwambia, fimbo haiingii.

"Ikilowa itaoza, dada."

"Ioze."

Akaiegemeza ukutani nje, akaingia, akanawa, nikampa ugali. Mvua ilinyesha. Ameshabadilisha fimbo tatu tangu siku hiyo, na kila moja ililala nje.